Hajambo, Tunamshukuru Mungu

Siku hizi mashine ya kupumulia haimsikilizi daktari. Inasikiliza neno la mgonjwa, au la mtu wa damu yake, na hushika lile la mwisho. Kila asubuhi, ile iliyo kando ya kitanda cha Bi Maimuna humuuliza kwa upole, "Unaendeleaje, mama?"

"Sijambo, mwanangu," hujibu yeye, midomo imempauka, na mashine humpunguzia hewa.

Jana bintiye, Saumu, alifoka. "Mama, iambie kweli! Sema umezidiwa!"

"Mimi nina adabu zangu, Saumu. Mtu akikujulia hali, humtupii maradhi yako usoni."

Leo mama hakuweza hata kujibu. Saumu akapiga kelele, "Hali yake mbaya! Ongeza!" Mashine ikaongeza hewa, na uso wa mama ukaanza kupata uhai.

Mara hodi mlangoni. Alikuwa jirani yao, Bi Siti, na bakuli la uji.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo, tunamshukuru Mungu," alijibu Saumu, akipokea bakuli.

"Alhamdulillahi," ikasema sauti ya upole kutoka chumbani. "Basi nitauliza tena kesho."

Na mvumo wa hewa ukaanza kushuka.