Majembe Mabovu ya Kobe

Mji wa wanyama ulikuwa na mhunzi mmoja tu, naye alitisha: Ngiri mkubwa kama nyumba, meno yamejipinda hadi juu ya macho. Wateja waliagiza majembe kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, wakaja kuyachukua mbio mbio. Na kwa kuwa kazi ya Ngiri haikuvunjika, hakuna aliyerudi mara ya pili.

Kobe peke yake hakuweza kukimbia. Alipokuja kuagiza jembe alikaa kando ya moto, akasimulia habari za magoti yake na za binamu yake asiyejua kusonga ugali. Ngiri alicheka hadi nyundo ikamponyoka.

Basi jembe la Kobe akalifua bovu, makusudi. Baada ya wiki likavunjika, Kobe akarudi, wakaongea. La pili likavunjika. La tatu pia.

Mara ya nne Kobe alikuja na furushi juu ya gamba.

"Mvua zimepita sijalima hata tuta moja. Nahamia kwa binamu yangu. Hivi, fundi, mbona majembe ya wenzangu hayavunjiki?"

Ngiri akainamisha kichwa. "Nilitaka urudi."

"Si ungeniambia tu? Ningekuja hata bila jembe."

Kobe akashika njia. Kwa mwendo wake, Ngiri alimwona akienda tangu asubuhi mpaka jioni. Angemfikia kwa hatua chache tu, lakini maisha yake yote hakuwahi kumfuata mtu. Alichojua ni kungoja.