Utando wa Mwaka wa Nazbo

Mahatun alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, kazini kwa binti yake, kwa magoti yake mabovu, maana lifti aliitazama mara moja tu akageuza uso. Alipofika juu alikuwa akihema.

"Mlango uacheni wazi," akasema, hata salamu bado.

Juu ya meza ndefu lililala tope la bahari lililochimbuliwa kwa bomba refu, limepasuliwa katikati kwa urefu kama muwa. Lilinuka yai viza. Lilitolewa chini kabisa ya bahari ya Makran, mbele ya mlango wa mto Dasht, na ndani yake mlikuwa na habari za mvua za miaka elfu tano. Binti yake, Durnaz, ndiye aliyeajiriwa kuzisoma.

"Hili ndilo mnalolipwa kulichungulia?"

"Ndilo, Amma," akajibu Tajammul, mwenzake Durnaz. "Wenzetu hapa Karachi wanauza dhahabu, sisi tunakuna matope. Tazama hii mistari. Mweupe ni udongo ulioletwa na mto wakati wa mvua, mweusi ni wa kiangazi. Kila mwaka na utando wake. Mvua ikiwa nyingi, weupe unakuwa mnene. Isiponyesha, unaona uzi tu."

Mahatun hakucheka. Ndege yake ya Hija ilikuwa inaondoka Ijumaa. Nguo zilikwisha shonwa, na mtaa mzima wa Lyari alikwisha uomba radhi, hata muuza maziwa ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwita mwizi. Alikuwa amebaki mtu mmoja tu, na huyo alikufa zamani.

Aliitwa Nazbo, mjane wa kijijini kwao huko Kech, kwenye bonde la mto huo wa Dasht. Kijiji kizima kilikunywa kwenye karezi moja, mfereji uliochimbwa chini ya ardhi kuleta maji ya mlimani hadi mitendeni, na zamu ya Nazbo ya maji ilikuwa ndefu kuliko ya Shahdost, babake Mahatun. Kiangazi kimoja karezi ikakauka. Watu wakasema Nazbo ameifunga mvua. Shahdost akasimama barazani akala kiapo kwamba amemwona akifunga mafundo. Wakamfukuza bila hata kiriba, na wachungaji wakamkuta njiani amekufa, mdomo umejaa mchanga. Arubaini haikupita, maji yakarudi. Basi kijiji kikaridhika kwamba kweli alikuwa mchawi, na zamu yake akapewa Shahdost.

Tangu hapo Mahatun hakulala tena ndani ya nyumba. Iwe baridi, iwe joto, kitanda chake cha kamba kilikuwa uani. Kila magharibi aliweka bakuli la maji nje ya mlango, na kila asubuhi lilikuwa tupu. Watoto wake walisema ni paka. Lakini siku nyingine walimsikia akimjibu mtu ambaye wao hawakumsikia.

"Yapo, Nazbo. Kunywa, mama. Kunywa."

Durnaz alikua akiisikia sauti hiyo, akijifunika shuka gubigubi. Alimwonea huruma mama yake kubeba dhambi ya babu. Tope la Dasht lilipofika mezani kwake, alijua atakalolitafuta kwanza, mabwana wakubwa na miaka yao elfu tano wangoje.

"Nionyeshe mwaka ule," akasema Mahatun.

Durnaz akaweka kidole kwenye tabaka nene la kijivu. "Hili ni tetemeko, ile siku bahari ilipoingia mji wa Pasni. Ulikuwa na umri gani?"

"Kumi. Nazbo alifukuzwa nina miaka saba."

"Basi tunashuka tando tatu."

Mahatun akashika ukingo wa meza. Mikono ya gauni ikapanda, yakaonekana makovu ya viwiko, yale ambayo siku zote alisema aliyapata kwa kuanguka mtendeni. "Ukame ulikuwa mkubwa," akasema. "Wote walisema."

"Walisema, ndiyo. Sasa tazama mwenyewe."

Utando ulikuwa mweupe, mnene kuliko jirani zake wote wa juu na wa chini.

"Mvua ilinyesha, mama! Mto ulifurika mpaka baharini! Hakuna mvua iliyofungwa, wala mafundo, wala uchawi. Nazbo hana hatia. Nenda Hija yako kwa amani. Kijijini nitakwenda mimi, nikaseme mbele yao wote."

Tajammul akapiga makofi. "Amma, leo tope limetoa ushahidi! Peremende zetu za kushangilia ziko wapi?"

Mahatun hakuinua uso. "Umehakikisha?"

"Nimehakikisha. Hata ile nusu ya pili nimeipima, ambayo kwa desturi yetu haiguswi, wanawekewa watakaokuja. Tajammul alinigombeza siku nzima. Zote zinasema neno moja."

"Haiwezekani zimekosea?"

"Tope halina sababu ya kusema uongo, mama. Mbona unalia? Hizi ni habari njema."

Mahatun alijishusha taratibu hadi sakafuni, mgongo ukiuelekea mlango ulio wazi. Durnaz akapiga magoti kando yake, akamshika mikono.

"Miaka yote hii nimemwomba Mungu iwe ni ukame ulioikausha karezi," akasema Mahatun. "Mtu mzima hakuenea mle karezini. Baba alinifunga kamba kiunoni akanishusha, nami nikayapanga mawe vizuri, kama alivyonifundisha, lisipite hata tone."