Barafu ya Pasiansi na Kamanga

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe jikoni, taratibu, kama cha mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. Nje bado giza. Odeta alisimama barazani kwa Mama Jasuben, mtaa wa Pasiansi, akitazama malori yaliyosubiri barafu.

Wiki hii ndiyo ingeamua.

Viwanda vya barafu vilikuwa viwili tu: hiki cha Mama Jasuben, na kile cha Mama Sabina ng'ambo ya maji, Kamanga. Kwa miaka mingi bei zao zilipanda siku moja, kwa kiasi kilekile. Odeta, mchumi wa ofisi ya ushindani aliyetumwa kutoka Dodoma, aliamini kwamba akina mama hawa walikuwa wakipanga bei pamoja. Wenyewe walisema ni umeme tu, unaowapandia wote kwa pamoja.

Ndipo ofisi ikatoa amri: wasionane, wasipigiane simu, wasitumiane mtu. Umeme ulikuwa umepanda tena, na kila mmoja alipaswa kupanga bei mpya peke yake na kuiandika ubaoni Ijumaa. Bei zikiachana, uongo wao umejulikana. Zikilingana bila wao kuwasiliana, hakuna kosa, na kesi inafungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa kwanza, bei haina miguu, haitakimbia."

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Jana yake Mama Jasuben alimsikia akikohoa, na hakusahau. Alimtandikia khanga kwenye kiti cha baridi, akakaa karibu naye.

"Leo unavuka?"

"Navuka, mama. Naenda kuangalia upande wa pili."

"Basi nisalimie Sabina. Mimi nimekatazwa, hata kumjulia hali siwezi. Mwambie Ijumaa wajukuu wanakuja. Tisa! Nyumba itajaa."

Odeta alicheka. "Tisa? Utapumzika saa ngapi?"

"Nitapumzika kaburini."

Kwenye kivuko, Elias, msaidizi wake, alikuwa akichungulia kila gari. Hakuna mtu wa barafu aliyepita, alisema. Hata dereva wao hajavuka.

Kija alikuwa pale pia, na beseni lake la sangara lililofunikwa gunia bichi. Yeye ndiye aliyeleta malalamiko. Tangu atoe ushahidi, viwanda vyote viwili vilimfungia mlango, na samaki wake walianza kuharibika kabla jua halijapanda.

"Dada Odeta, kesi ikifungwa nitauza nini? Inzi?"

Wanawake wenzake walicheka. Odeta hakuweza.

"Vumilia mpaka Ijumaa, Kija."

"Mimi navumilia. Sangara ndio hawajui kuvumilia."

Kamanga alimkuta Mama Sabina akifunika mabonge ya barafu kwa pumba za mpunga. Odeta alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Alifikisha salamu kabla hajakaa.

"Ijumaa?" Mama Sabina aliuliza, akinyoosha mgongo. "Wote tisa?"

"Wote tisa."

"Wabeja! Asante sana, mwanangu. Mwambie nimefurahi, na mimi nawasubiri haohao tisa." Akamsogezea sahani ya viazi vya moto, akamchagulia kile kikubwa. "Kula. Umekonda kwa ajili yetu."

Jioni Odeta alipita Pasiansi kurudisha jibu la salamu, kisha akaenda kulala. Usingizi haukuja. Alimfikiria Kija.

Ijumaa alfajiri alikuwa getini kwa Mama Jasuben wakati kijana wa kiwandani anafuta ubao na kuandika bei mpya ya bonge moja. Elfu tisa.

Alimpigia simu Elias, aliyekuwa amelala Kamanga usiku huo.

"Huko wameandika ngapi?"

"Elfu tisa. Na hakuna mtu wao aliyevuka wiki nzima, bosi. Naapa."

Nyuma yake Kija naye alikuwa ameusoma ubao. Alijitwisha beseni lake tupu, akashika njia ya kurudi kwake, na safari hii wenzake hawakucheka.

Mchana kesi ilifungwa. Odeta alitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na akaipeleka barua mwenyewe, kwa kuwa hakutaka mama mtu mzima aletewe habari na mtu asiyemjua. Mama Jasuben aliipokea kwa mikono miwili. Alimtazama usoni, akamfuta chozi kwa ncha ya mtandio.

"Pole, mwanangu. Umefanya kazi yako kwa haki. Usijilaumu."

Dorotea, msichana wa kazi, alimsindikiza hadi getini. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Barazani palikuwa na jozi moja tu ya kandambili.

"Wajukuu wametoka kutembea?" Odeta aliuliza.

"Wajukuu gani, dada?" Dorotea alishangaa. "Mama hakujaliwa mtoto hata mmoja."

Odeta aligeuka. Mama Jasuben alikuwa bado amesimama mlangoni, akimpungia mkono kwa upole uleule.

"Karibu tena, mwanangu! Siku hizi vijana wanaofikisha salamu bila kupunguza neno wamebaki wachache."