Mbegu Nyekundu

Constance aliosha maharagi tena, na maji yakatoka mekundu tena.

"Afande, iyi ni mbegu ya serikali," alimwambia mkubwa wa askari waliojaa uani kwake. "Agronome, ule bwana wa kilimo, alitugawia tupande. Banaipaka dawa ya badudu. Inaua muntu."

Mkubwa akacheka. "Toka tulipotoka Kazimia, kila nyumba banasema chakula iko na sumu. Bamama munajua kuficha! Pika."

Hakuwa na kingine cha kuwapa. Mihogo yote ilikuwa imeng'olewa na waliopita kabla yao. Akapika. Povu la rangi ya waridi likapanda, likainua mfuniko. Vidole vyake vilikuwa vyekundu mpaka ndani ya kucha.

Maharagi yalipoiva, askari wakanawa mikono, wakasogea. Mkubwa akavua kofia, akachota kijiko, akakipuliza, akampelekea Constance mdomoni kwa adabu, kama mtu anayemlisha mama yake mgonjwa.

"Kwetu, mupishi anaonja kwanza."

Constance akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nilikuambia, afande. Nilikuambia iko sumu."

Kijiko hakikutikisika.

"Kama iko sumu, mama," aliuliza taratibu, "mbona umetupikia?"

Constance akafungua mdomo, akakipokea kijiko.