Kisanduku cha Katikati

Kompyuta zilikuwa zinajibiwa, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa.

Kila ilipowashwa, kompyuta ya jengo la pili ilipiga kelele kwenye waya: mimi sina diski, kichwani sina kitu, nani atanipa pa kuanzia? Jibu lilikuja kufumba na kufumbua. Ikapewa anwani yake. Kisha skrini ikabaki nyeusi, na kimstari kimoja kikipepesa kama jicho la mgonjwa.

"Imepewa namba ya nyumba, ufunguo imenyimwa," alisema fundi Waya Mrefu. "Sasa itakaa nje mpaka kiama."

Kimya, fundi mwenzake, hakucheka. Ndivyo walivyomwita kazini, kwa sababu maneno yake ya siku nzima hayakujaza kijiko.

Seva yenye kila kitu ilikuwa jengo la kwanza, ng'ambo ya ua. Kompyuta za huko ziliamka bila taabu, maana zikiita, seva inasikia. Za jengo la pili zilikuwa kwenye mtandao wao peke yao, na kelele za mtandao mmoja hazivuki kwenda kwa mwenzake. Ndiyo maana katikati kuliwekwa kisanduku. Kazi yake ni moja: kuchukua wito wa huku, kuufikisha kule, kisha kurudi na jibu. Mkuu wa chuo alitaka darasa la kompyuta la jengo la pili liwake kabla ya jioni, la sivyo kazi wangepewa wengine.

Kimya alivuka ua, akaketi mbele ya seva. Waya Mrefu akampigia simu kutoka darasani.

"Nawasha ya dirishani. Inaita. Haya, imejibiwa."

"Huku hakijafika kitu."

"Dada, usinitanie. Jibu naliona kwa macho yangu mawili."

"Kaka, seva haijaulizwa lolote."

"Basi imejibiwa na mashetani. Subiri, nawasha ya mlangoni."

Ya mlangoni nayo ikajibiwa. Kimya akaikodolea macho seva, na seva ikaendelea kunguruma taratibu, haina habari kwamba kuna mtu anaihitaji.

Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa mama.

"Baba yako anachukuliwa kesho alfajiri," mama alisema. "Baba yako mdogo amekuja na gari. Madaktari wa hapa wamenyoosha mikono."

"Umemwomba, mama?"

"Nimemwomba, mwanangu. Nimekaa kitandani pake nikamlilia kwa niaba yako. Anasema uso wako hataki kuuona. Hata maiti yake usiisogelee."

"Anipe radhi tu. Si lazima anione."

"Hilo nalo nilimwambia. Moyo wa baba yako ni jiwe, nifanyeje? Bila mimi humu ndani mngekuwa mnazungumza na kuta."

Mama alisema kweli. Tangu Kimya aliporudi na begi moja, akiiacha ile ndoa ambayo mama alihangaika sana kuitafuta, hakuwahi kukutana na baba ana kwa ana. Mama ndiye aliyempokea getini. Ndiye aliyemwonyesha chumba cha uani na kumwambia asithubutu kuvuka ukumbi, baba amekasirika. Toka siku hiyo mama akawa mguu huku, mguu kule. Kimya akituma salamu, chai yake haijapoa, mama amesharudi na jibu. Na jibu lilikuwa lilelile. Alizoea kulipokea akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayenyolewa.

Jua lilipoanza kulegea, Waya Mrefu alikuja mbio, jasho likimtiririka.

"Nimekikamata," alisema. "Ni kisanduku. Hakifikishi kitu, shetani yule. Kompyuta ikiita, kinatoa anwani tumboni mwake, kinaigawa, kinanyamaza. Hii seva hakijawahi kuiuliza lolote."

"Tukirekebishe basi."

"Kwa neno la siri lipi? Aliyekifunga ameondoka nalo. Na kukifuta upya ni kuzima chuo kizima."

Walimweleza mkuu wa chuo. Aliwasikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Kwa hiyo darasa haliwaki."

"Leo haliwaki, mkuu."

"Fungasheni vitu vyenu."

Walikunja nyaya. Getini Waya Mrefu akatema mate pembeni. "Kumbe asubuhi ningevuta waya mmoja tu, darasa mpaka seva, uso kwa uso, tungekuwa tumeshamaliza. Ona sasa. Haya, dada, Mungu atatupa kwingine."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Hakuamini kwamba atawapa.

Alipofika nyumbani, gari la baba mdogo lilikuwa limeegeshwa nje, godoro limeshatandikwa nyuma. Hakwenda chumba cha uani. Alivua viatu, akavuka ukumbi akinyata. Afukuzwe tu. Atukanwe. Alau tusi alipokee kutoka kinywani mwa mwenyewe.

Mlango wa baba ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Kimya akainua mkono abishe hodi.

"Umempa salamu zangu?" Sauti ya baba ilikuwa nyembamba, imebaki uzi. "Umemwambia tangu aliporudi namngoja?"

"Nimemwambia," mama akamjibu, kwa upole uleule. "Anasema yeye hana baba."