Kadi Isiyokatwa Pembe

Jino la pili lilidondokea juu ya tarehe kumi na saba.

Mtunga kalenda aliliangalia kwa jicho moja lililobaki wazi. Chini ya jino ilikuwepo karatasi ndogo kama kiganja, imebanduliwa kutoka kwenye kalenda ya ukutani aliyoitunga mwenyewe. Miaka ishirini na sita watu walikuwa wakibandua karatasi moja kila asubuhi na kuigeuza wasome: Matukio. Waliozaliwa. Waliofariki. Mwaka haukuandikwa, maana nafasi ilikuwa finyu. Jina tu.

"Soma tena," alisema Kapteni.

"Waliofariki siku hii." Damu ilimchuruzika kidevuni. "Jenerali, Ngao ya Taifa, Mlezi wa Mito na Mabonde."

"Kalenda ilichapwa lini?"

"Novemba mwaka jana, afande."

"Na Jenerali kauawa lini?"

"Jana, afande. Tarehe kumi na saba."

Nchi nzima ilijua. Jenerali alikuwa ameinamia keki ya siku yake ya kuzaliwa, kisu mkononi, zikatoka risasi tatu nyuma ya pazia. Aliyefyatua hakuonekana. Tangu hapo askari walikuwa wakizoa watu kama kuni. Kapteni, mkuu wa walinzi wa Jenerali, alikuwa bado na shati la jana, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepikia kuni mbichi. Hakuja na karani. Juu ya meza hapakuwa na kalamu wala daftari. Ilikuwapo ile karatasi, na makopo ya kadi za majina na tarehe, yaliyochukuliwa asubuhi nyumbani kwa mtunga kalenda.

"Nani alikuagiza uandike hivi?"

"Hakuna."

Kapteni alitikisa kichwa kumpa ishara askari aliyesimama kando, ambaye wenzake walimwita Nyundo. Kidole kidogo cha mtunga kalenda kilivunjika kama kijiti kikavu. Sauti iliyomtoka hakuijua kuwa ni yake.

"Bado tisa, mzee," alisema Nyundo kwa upole. "Hesabu unaijua, si wewe ni mtu wa tarehe?"

"Mkaguzi wa serikali aliipitisha?" Kapteni aliuliza.

"Alisoma karatasi za Januari tu, akagonga muhuri, akaenda kula."

Nyundo alicheka. Kapteni hakucheka. "Na miezi yote hii hakuna aliyeona?"

"Nani asome siku isiyofika, afande? Watu hubandua moja moja."

Kapteni aligeukia dirisha. "Nani mwingine hushika kadi zako?"

Hapo ndipo mtunga kalenda alipokuwa hataki kufika. Meno mawili na kidole kimoja alikwisha kuvitoa ili wasifike hapo. Nyumbani alikuwako mwanamke aliyeishi naye miaka thelathini na minane, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, na ambaye sasa hivi alikuwa akipapasa meza akitafuta makopo yaliyochukuliwa.

"Hakuna. Mimi peke yangu."

Buti la Nyundo lilimpata mbavuni, yeye na kiti wakaenda chini pamoja. Ubavu mmoja ulikubali kuvunjika, ulimi ukakataa.

"Basi," alisema Kapteni. "Kamlete mkewe."

"Mwacheni mama watoto!" Alipiga kelele akiwa sakafuni, shavu juu ya saruji. "Mwacheni, nasema yote. Kosa ni langu mimi!"

Kapteni aliinua mkono. "Nyundo, toka. Funga mlango, usiruhusu mtu."

Mlango ulipofungwa alimnyanyua mwenyewe, akamkalisha, akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Sema taratibu."

"Mke wangu haoni vizuri, afande. Kadi huzipanga kwa vidole. Za waliozaliwa nimezikata pembe moja, za waliofariki nimeziacha nzima. Anapapasa, anatia kila moja kwenye kopo lake. Hajawahi kukosea. Na mchapaji huchapa kopo kwa kopo, kama alivyoletewa."

"Na kadi ya Jenerali?"

"Kila mwaka wanamwongezea cheo. Mara Ngao, mara Mlezi. Kadi ya zamani ilijaa, ikabidi niandike mpya." Alitema damu pembeni. "Nikasahau kuikata pembe."

Kapteni alimwaga kopo la waliofariki juu ya meza. Kadi zilitawanyika, nyingine zikaanguka chini, naye akazifukua kwa mikono miwili kama mtu aliyepoteza pete mchangani. Aliipata. Ilikuwa mpya, nyeupe. Aliipapasa kwa dole gumba, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akachukua moja kutoka kopo la waliozaliwa, akaipapasa nayo, dole gumba likagota penye mkato.

"Kwa hiyo hakuna aliyekutuma."

"Hakuna, afande."

"Hata Waziri? Hata mtu yeyote kutoka juu?" Sauti yake ilikuwa karibu na kuomba. "Fikiri vizuri, mzee wangu. Nakusihi."

"Mkasi tu, afande. Nilisahau mkasi."

Kapteni alikaa kama gunia lililotobolewa. Baada ya muda alifungua mfuko wa shati, akatoa pochi, na ndani ya pochi akatoa karatasi ndogo kama kiganja. Ilikuwa tarehe kumi na saba. Ilikwisha kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mikunjo ikatoboka, na wino wa jina la Jenerali ukafifia kwa jasho la vidole.

Aliilaza mezani kando ya jino.

"Tuliambiwa siku ya kufyatua tutaiona kwa maandishi," alinong'ona. "Tukadhani ndiyo hii."