Maji ya Kunawa Nyumbani Kwangu

Kwangu hakuna anayegusa ugali kabla sijaona maji yake. Siku hizi kila nyumba hunawa kwa maji yenye bakteria. Wakigusa jasho la hofu, jeni yao ya rangi huamka na maji hugeuka bluu. Mwenye hofu ana la kuficha, na mimi sidanganyiki.

Ila mume wangu, Shomari, alinishinda. Miaka yote ya ndoa nimemshuku, na miaka yote maji yake yametoka meupe.

Jana jagi letu lilipasuka, maji yote yakamwagika. Nikaenda kuazima kwa jirani, Mama Swaumu.

"Bakteria wenu mliwapata lini?" aliuliza.

"Tangu harusi."

"Basi hao walishaacha kazi, shoga. Wakiishi na hofu kila siku huizoea, jeni ikalala kabisa. Chukua hawa wangu, wapya."

Nilirudi mbio. Nikaanza kunawa mimi: meupe. Nikammiminia Shomari, beseni zima likawa bluu.

"Leo nimekukamata!" nilifoka. "Unaficha nini?"

"Sifichi kitu, mke wangu," alisema, macho chini.

Nikayamwaga, nikamwita Zawena, binti yetu wa miaka sita. Bluu ile ile.

"Wewe nawe! Unamwogopa nani?"

Mikono yake ilikuwa bado ndani ya beseni, na kadiri nilivyomsogelea, maji yalizidi kukolea.